IST yangu haipati joto, taa ya bluu inarudi kuwaka nikiwa barabarani

Mwl_Ngaramtoni

Habari za jioni wana jukwaa, wakubwa shikamooni.

Naomba msaada, na naomba mnivumilie kwa urefu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nisipoeleza kitu chote silali.

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, gea otomatiki. Naishi Ngaramtoni hapa Arusha, nafundisha upande wa Njiro. Asubuhi nashuka, jioni napanda. Wenye IST mnajua haina mshale wa joto. Ina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa bado baridi, na nyekundu ikichemsha. Mwaka jana ile ya bluu ilikuwa inazimika kabla sijaigusa lami. Siku hizi naenda nayo mpaka Sakina. Pale kwenye foleni inazimika, nashangilia kimoyomoyo, foleni ikifunguka nikaanza kushuka kuelekea Mianzini inawaka tena. Imewaka! Gari limetembea dakika 20 halafu linaniambia ndio kwanza limeamka.

Mwanzoni nilisema ni Julai hii. Huku kwetu asubuhi unavaa koti ndani ya koti. Lakini Julai ya mwaka jana baridi ilikuwa hiihii na taa ilizimika, kwa hiyo hoja ya hali ya hewa nimeifuta mwenyewe.

Dalili nyingine. Hita nikiiwasha niondoe ukungu wa kioo inanipulizia hewa ya friji. Petroli: nina daftari, najaza tenki na kuandika kilomita. Nilikuwa napata kilomita 14 kwa lita, sasa napata 10 na pointi moja. Halafu nikienda 80 kwa saa, mshale wa mizunguko unasimama elfu 3 na kidogo, zamani ulikuwa elfu 2 na kidogo. Na jana nimefungua kifuniko cha oili, chini yake kumeganda uji wa rangi ya chai ya maziwa. Huo uji ndio umenileta hapa.

Fundi wa jirani kanijibu kwamba IST zote ziko hivyo, na nimshukuru Mungu haichemshi.

Chalii_wa_Kijenge

Mwalimu, wenzako wanalia gari zinachemsha, wewe unalia haichemshi. Aisee dunia ina mambo.

Kata boksi la sabuni, funika nusu ya rejeta kwa mbele. Madereva wa malori wanafanya hivyo kwenye baridi, hakuna gharama. Mchezo umeisha.

Babu_Hiace

Marahaba mwalimu. Angalia feni yako. Gari nyingi hapa mjini mafundi wameunga feni moja kwa moja, ukiwasha ufunguo tu nayo inazunguka mpaka unazima. Injini inapulizwa upepo tangu alfajiri, itapataje joto? Rudisha waya zake za kiwandani.

Mteja_Makini

Huo uji mweupe ni maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi imekwenda. Sisemi kwa ubaya ila liuze mapema kabla halijajulikana. Kama ukiamua, mimi nina mtu anatafuta IST, nije inbox?

Fundi_wa_Pasua

Mwalimu, habari za kazi. Mimi niko Moshi, nimekaa na hizi NZ muda mrefu kidogo. Usiuze kitu. Na usimfungulie mtu silinda hedi kwa sababu ya uji wa kwenye kifuniko.

Kabla sijasema nyumba iko wapi, nitafutie mambo machache. Vuta stiki ya oili: oili iliyoko kwenye stiki ni safi au nayo imekuwa uji? Maji kwenye rejeta na kwenye kile kichupa cha akiba, yanapungua? Uangalie injini ikiwa imelala usiku kucha. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi gari likiwa na moto, nimeona watu wamebabuka nyuso.

Halafu tafuta mtu mwenye skana. Vile vidude vya bei rahisi vya kuunganisha na simu, kuna IST zinakubali kuongea navyo na kuna zinazogoma, kwa hiyo kama kuna mtu ana mashine ya maana muazime. Asubuhi kabla hujawasha injini, weka ufunguo ON tu, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia injini. Gari likilala nje usiku mzima, hizo namba mbili zinatakiwa ziwe karibu sawa. Maji yakisoma digrii sifuri na hewa 12, basi injini yako haina shida, sensa ndiyo inayodanganya kompyuta.

Namba zikikubaliana, washa. Shika mipira miwili ya rejeta, wa juu na wa chini, uishike kila baada ya dakika moja. Angalia mikono na feni na mikanda. Kwenye injini hii mpira wa chini unatakiwa ubaki wa baridi dakika nyingi tu, halafu ghafla upate moto. Niambie wa kwako unafanyaje.

Mwisho, soma joto ukiwa kwenye foleni, halafu ukiwa unakimbia. Sensa mbovu haijui kama gari limesimama au linakimbia.

Na swali la pembeni: hii gari imewahi kuchemsha?

Mwl_Ngaramtoni

Fundi, asante sana. Umenipa zoezi la vitendo na nimelifanya kama mtihani wa taifa.

Shemeji yangu anaendesha magari ya watalii, ana skana, kaja nayo juzi usiku akalala hapa. Saa 12 na dakika 10 asubuhi, ufunguo ON: hewa 12, maji 13. Kwa hiyo sensa nimeiondolea tuhuma.

Tukawasha. Shemeji anashika tochi, mimi nashika mipira. Dakika ya kwanza yote baridi. Dakika ya tatu wa chini umeanza kuwa vuguvugu, sawasawa na wa juu. Nikarudia kushika nikidhani mkono wangu ndio umepata moto. Hapana, inapanda pamoja kama mapacha, na rejeta yenyewe kila ukigusa ina uvuguvugu uleule juu na chini. Babu, feni haikuzunguka hata mara moja, kwa hiyo haijaungwa moja kwa moja.

Barabarani: foleni ya Sakina maji yalipanda mpaka 71. Ilipofunguka, 64, 60, 56. Kesho yake nikapita barabara ya mchepuo makusudi nikimbie kidogo, yakashuka mpaka 52, taa ya bluu ikawaka mbele ya macho ya shemeji.

Stiki ya oili ni safi, rangi ya asali iliyochakaa. Maji hayajapungua hata ukucha.

Chalii, boksi lako nimelijaribu pia, msidhani nabagua. Tulifika 74 kwenye foleni na 66 tukikimbia. Lakini shemeji kakataa katakata niendelee nalo.

Kuhusu kuchemsha: ndiyo, mara moja, Januari. Sikusema kwa sababu lile lilitatuliwa. Tulikuwa tunarudi kutoka Marangu baada ya sikukuu, tumefika Usa River lori limelala katikati ya barabara, tukakaa kwenye foleni kama dakika 40, watoto nyuma, AC inawaka. Taa nyekundu, moshi, kila mtu nje. Gari likavutwa mpaka gereji moja, fundi akafungua alterneta, akafungua kitu nyuma yake, nusu siku ikaisha. Akaniletea kidude cha chuma kama kofia ndogo yenye springi akaniambia, "Mama, haka kadude ni ka nchi za baridi. Huku Afrika hakana kazi, ndiko kalikuwa kanaziba maji." Toka siku hiyo halijachemsha tena. Kidude ninacho, nimekitia kwenye kopo la kahawa jikoni, situpi chuma mimi.

Nimemaliza kuandika hii sentensi ndio nimeanza kupata wasiwasi.

Fundi_wa_Pasua

Nimecheka peke yangu hapa gereji mpaka kijana kaniuliza kuna nini.

Mwalimu, hicho kilichoko kwenye kopo la kahawa ni themostati yako.

Haina habari na nchi za baridi wala za joto. Ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu, hayaendi rejeta, ili yapate moto upesi. Ndani ya kile kitumbo cha shaba kuna nta. Nta ikipata moto inavimba, inasukuma mlango, maji yanaanza kwenda kupozwa. Kwenye 1NZ mlango unaanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84, na yakifika 95 uwe wazi vizuri. Ukiutoa, maji yanapita rejeta tangu sekunde ya kwanza. Ndio maana mipira yako inapata moto kama mapacha. Rejeta ile imetengenezwa iweze kupoza gari lenye watu watano linalopanda mlima na AC imewashwa. Wewe alfajiri ya digrii 12 unashuka mteremko, mguu hata hujakanyaga. Ukisimama joto linapanda, ukikimbia linashuka. Hakuna ugonjwa mwingine wenye tabia hiyo.

Sasa yale mengine yanajijibu. Kompyuta inasoma maji 56, inadhani umewasha sasa hivi, inaendelea kumwaga petroli ya kupashia injini. Zile kilomita zako 4 kwa lita zimeenda huko. Mshale wa elfu 3: gea ya nne hairuhusiwi kuingia injini ikiwa bado baridi, unatembea na ya tatu mpaka Njiro. Uji: injini ikiunguza petroli inatoa mvuke wa maji, kiasi fulani kinapenya kwenda kwenye oili. Injini ya moto inaukausha. Ya kwako haiukaushi, unapanda juu unakutana na kifuniko cha baridi, unaganda pale ukichanganyika na oili. Stiki ni safi na maji hayapungui, kwa hiyo silinda hedi haina kosa. Aliyekwambia uuze alikuwa ananunua.

Na kuna hasara usiyoiona. Petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda inaosha oili. Injini ya baridi inajila pole pole. Hailii kama inayochemsha, ndio maana watu wanaipenda.

Mteja_Makini

Fundi mimi nilikuwa nasaidia tu.

Babu_Hiace

Fundi nakuheshimu, lakini Hiace yangu nimetoa hiyo kitu tangu 2009. Inapiga Arusha Moshi kila siku, abiria wamejaa, haijawahi kuchemsha wala kufa. Hii unasemaje?

Fundi_wa_Pasua

Shikamoo babu. Hiace yako inabeba mzigo kutwa nzima na haizimwi, kwa hiyo inapata moto kwa nguvu. Mwalimu anatembea kilomita 17, anazima, gari linapoa, jioni anaanza upya. Hata hivyo nikiipima yako ukishuka kutoka Kikatiti kuja KIA asubuhi, sidhani utapenda namba utakayoiona.

Na kuna injini ambazo ukitoa themostati ndio unazidi kuzichemsha kwenye kilima. Themostati yenye kisahani cha pili kule chini, ikifunguka inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Mtu anapanda Marangu gari linachemsha anasema, "Lakini themostati nilishatoa!" Ndiyo, ulishatoa.

Mwalimu, narudi kwako. Usikimbilie kuirudisha. Jiulize kwanza Januari gari lilichemka kwa nini. Lilikuwa limesimama, dakika 40, AC inawaka. Ulikuja nalo kutoka Marangu barabara nzima halikusumbua, lilipokosa upepo ndio likachemka. Na hapo juu umeandika sentensi imenikaa kichwani: feni haikuzunguka hata mara moja. Kwa joto la 71 haitakiwi kuzunguka, sawa. Lakini mara ya mwisho umeisikia lini?

Fanya hivi. Injini inawaka, gari limesimama, washa AC. Feni inatakiwa ianze hapo hapo au baada ya muda mfupi, hata kama maji ni ya baridi. Nenda mbele uangalie kwa macho, usisikilize.

Kingine ni kifuniko cha rejeta. Geuza uangalie mpira wake. Wewe ndiye mwalimu wa fizikia, utawaeleza hawa kwa nini huko kwenu kifuniko kibovu kinaumiza kuliko Tanga.

Na hiyo themostati ya kopo, ichemshe kwenye sufuria tujue kama ilikuwa na hatia.

Mwl_Ngaramtoni

Kifuniko nimekielewa, na nimejichukia kidogo kwa sababu nafundisha hiyo mada kidato cha tatu. Maji kwenye mwinuko wetu hayangoji 100 kuchemka. Kifuniko kizima kinafunga mgandamizo ndani, maji yanaweza kupita 110 bila kuchemka. Kifuniko kikivuja, yanachemka kama ya chai. Cha kwangu mpira umepasuka kama kisigino. Nimenunua kingine chenye namba ileile iliyoandikwa juu yake.

Sasa sufuria. Nimeazima kipimajoto cha maabara, nikaifunga themostati kwa uzi wa kushonea nikaining'iniza kwenye mwiko, isiguse chini, na kipimajoto kando yake. Mume wangu kaingia akauliza tunakula nini leo.

Digrii 60, imefunga. 75, imefunga, na nikiiinua kwenye mwanga sioni hata ufa. Ilipofika 82 nikaona kijimstari cheusi upande mmoja, chembamba kama unywele. 85 kimezunguka duara lote. Kisha ikaendelea kujisukuma taratibu, kama konokono anayetoka kwenye gamba, mpaka maji yalipochemka. Kipimajoto kilisema 95. Nikapitisha kalamu ya Bic kwenye uwazi, ikaingia karibu kipenyo chake chote. Nikazima jiko, ikaanza kurudi, ikafunga tena kabla ya 78.

Fundi, haikuwa na hatia. Miezi sita kwenye kopo la kahawa bila kosa.

Halafu nimewasha AC nikaenda mbele. Dakika moja, mbili, nne. Feni imetulia kama picha.

Chalii_wa_Kijenge

Daah.

Fundi_wa_Pasua

Hapo sasa. Chukua bisibisi kubwa, mpini wa plastiki. AC ikiwa imewashwa, gonga mgongo wa mota ya feni taratibu, vidole mbali na mapanga kwa sababu ikianza haiulizi. Ikishtuka ikazunguka, kaboni za ndani ya mota zimeisha. Isiposhtuka, angalia fyuzi, halafu badilisha rilei ya feni na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi hilohilo uone. Usimruhusu mtu akuungie feni moja kwa moja kwenye ufunguo, hapo ndipo wengi wanapoishia.

Feni ikipona ndio urudishe themostati. Weka oringi mpya ya mpira, ya zamani imeshakauka. Themostati ina kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza; hicho kikae juu, hewa itokee hapo wakati wa kujaza maji. Na kwenye 1NZ lazima alterneta isogee ndio uifikie, nati mbili za 10. Fundi akikwambia ameibadilisha ndani ya dakika kumi, jua kafuta vumbi. Kaa naye.

Jaza kulanti, sio maji ya bomba. Maji yetu huku yanatupaka meno rangi, hayo hayo ndiyo unataka yakae ndani ya aluminiamu? Washa injini, kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hita weka kwenye joto la mwisho, acha mapovu yatoke, ongeza, funga.

Mwl_Ngaramtoni

Wiki mbili zimepita, natoa mrejesho.

Bisibisi: nimegonga mara tatu. Ya tatu feni imekohoa, ikazunguka, ikanipulizia vumbi la mwaka mzima usoni. Mota nimepeleka kwa mafundi wa stata pale Unga Limited, wakaifungua mbele yangu. Kaboni moja ilibaki na urefu wa punje ya mchele, nyingine haikuwa inagusa kabisa. Elfu 15 na soda.

Fundi wa jirani ndiye aliyefunga themostati. Nilikaa kwenye ndoo yangu nikasahihisha madaftari mpaka alipomaliza, kazi ya saa mbili na robo. Alipofika kwenye kitundu cha kipini alitaka kukiweka chini, nikakohoa. Alinitazama, akakigeuza.

Asubuhi ya kwanza, hewa 13. Mpira wa chini ulibaki wa baridi kabisa, wa juu una moto siwezi kuushika. Dakika ya kumi na mbili, nikiwa nimeliacha gari linanguruma tu uani, wa chini ukapata moto ghafla mkononi, kama mtu kafungulia bomba. Nilipiga kelele, watoto wakatoka.

Barabarani maji yanakaa kati ya 84 na 90, nikikimbia, nikipanda, vyovyote. Foleni ya Sakina Ijumaa jioni yalipanda 92, 94, 95, mimi nimekaza meno naiona Usa River mbele yangu, feni ikawaka, yakarudi 90. Ikazima. Yakapanda tena, ikawaka tena. Nimekaa kwenye ile foleni kwa raha ambayo siwezi kumweleza mtu.

Kwa 80 mshale uko elfu 2 na mia mbili. Hita imechoma vidole. Kifuniko cha oili nilikifuta, nimekifungua jana, kina unyevu kidogo tu. Tenki moja kamili: kilomita 13 na pointi sita kwa lita.

Fundi_wa_Pasua

Tenki la pili litakuwa zuri zaidi, kompyuta bado inajirekebisha. Oili umebadilisha? Ile imekunywa petroli miezi sita.

Mwl_Ngaramtoni

Nimebadilisha Jumamosi, na ilinuka petroli kweli. Desemba tukienda Marangu nitapita Pasua nikuamkie, fundi.

Babu_Hiace

Fundi, ukipata nafasi nitumie bei ya themostati ya Hiace. Naulizia tu.

Chalii_wa_Kijenge

Na boksi langu je?

Mwl_Ngaramtoni

Kuku ametagia. Mayai manne mpaka leo asubuhi.